Mjane wa Oboth na Supu ya Uyoga

Katika vijiji vya Nabuyoga, mashariki mwa Uganda, watu husema kwamba Oboth alikula uyoga akaishi. Husema hivyo kisimani, kwenye matanga na nje ya kanisa baada ya misa, na kila anayesema huongeza lake. Abbo, mjane wake, ameshasikia kwamba Oboth alitolewa chumba cha maiti akiwa hai. Ameshasikia kwamba madaktari wa Kampala walikuja usiku kumwomba siri. Zamani alikuwa akiwasahihisha. Baadaye akawa anaitikia tu kwa kichwa, anahamishia jembe bega la pili, anaenda zake. Alikuwa amechoka.

Abbo alizaliwa Mulanda, akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke asiyesema sana. Mvua za masika zilipoanza kushuka, bibi alimwamsha alfajiri wakaenda kuzunguka vichuguu. Hakumpa masomo. Alichuma, akanusa, akampa mtoto naye anuse, na uliokuwa mbaya aliutupa bila kueleza. Kwa kunusa na kuona, Abbo akaujua uyoga mkubwa wenye kofia pana kama sahani, ule wenye mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye nyumba ya mchwa. Akaujua na ule mdogo mweupe unaotandaa ardhini kama mchele uliomwagika baada ya radi. Mwanamke aliyejifungua alipikiwa ule mdogo ili maziwa yashuke. Mtoto aliyetoka kwenye surua, amebaki macho na mbavu, alinyweshwa mchuzi wa ule mkubwa. Nao uliokauka ulisagwa, ukakorogwa kwenye uji wa mtu mwenye tumbo linalosumbua. Nyumbani kwao hakuna aliyeuita dawa. Kilikuwa chakula cha mtu ambaye mwili wake umechoka.

Alipoolewa Nabuyoga, alimkuta mume ambaye kazi yake ilikuwa kubomoa vichuguu. Oboth alikuwa mfyatua matofali, na hakuna udongo wa matofali unaoushinda wa mchwa. Mwaka wa kwanza waligombana. Oboth alikuwa tayari amebomoa nusu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, Abbo akasimama mbele ya sepetu akiwa na mimba ya kwanza tumboni.

"Hii ndiyo mboga yako ya mwezi wa nne," akamwambia. "Ukiichoma tofali, utatafuna tofali."

Oboth alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila alipokodi shamba la kuchimba udongo, alikuja kwanza kumwuliza mkewe ni vichuguu gani vinavyozaa uyoga, navyo akaviacha. Waliishi namna hiyo miaka mingi, yeye akibomoa, mkewe akichuma. Walipata watoto, wakamlea pia Marvin, mtoto wa marehemu kaka yake Oboth, aliyeletwa kwao akiwa hajaanza kutembea vizuri.

Kisha koo la Oboth likaanza kukataa chakula. Kwanza lilikataa nyama, halafu ugali wa mtama, halafu hata viazi vilivyopondwa. Madaktari wa Kampala walimpitisha kwenye mashine, wakamwita Abbo kando, wakamwambia ni kansa, na kwamba wanaweza kumpiga mionzi ili apate nafuu lakini asitegemee kumaliza mwaka. Walimpiga mionzi. Alirudi amekonda, sauti imekuwa ya kukwaruza, na kitu pekee kilichopita kooni kilikuwa supu ya uyoga iliyochujwa kwa kitambaa, na karanga iliyosagwa laini kama poda. Abbo alimpikia supu hiyo asubuhi, mchana na jioni. Uyoga mbichi ulipoisha, alitumia mkavu. Mkavu ulipoisha, alienda hadi Masaba, huko Busia, kutafuta kwa wanawake wengine.

Oboth alimaliza mwaka. Alimaliza na wa pili, akaonekana kanisani amevaa koti lake, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Yalikuwa yameenea vya kutosha kabla Oboth hajafariki, na kifo chake hakikuyazuia. Watu walilia matangani, kisha wakasema: lakini aliishi, madaktari walisema mwaka mmoja, si mmeona? Muda mfupi baada ya maziko akaja Harriet.

Harriet alikuwa binti wa Mulanda aliyesomea mimea na magonjwa, sasa mtafiti wa chuo kikuu. Alikuja na mifuko ya karatasi, kamera na viatu vya mpira, akakaa jikoni kwa Abbo akimenya karanga kama mtu wa nyumbani. Aliuliza uyoga upi unapikiwa nani, na kwa nini. Abbo alimpenda kwa sababu moja: alikuwa mtu wa kusema "sijui" bila kuona aibu.

"Uyoga ulimponya mzee?" Abbo alimwuliza yeye, badala ya kuulizwa.

Harriet alifikiri. "Sijui, mama. Sidhani. Lakini ulimlisha wakati hakuna kingine kilichopita, na hilo si jambo dogo. Kuhusu yaliyomo ndani yake, ndiyo ninayotafuta. Tumeweka maji ya uyoga kama wenu kwenye kisahani chenye vijidudu, na vijidudu vingine vilikufa. Lakini kisahani si mtu. Hata chumvi huua vijidudu kwenye kisahani."

Abbo alielewa. Majirani waliokuwa wamesimama mlangoni walielewa vingine. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika hadi barabara kuu: mtaalamu wa chuo amethibitisha uyoga wa Abbo.

Ndipo watu walipoanza kumiminika. Walikuja wenye vidonda vya tumbo, wenye presha, wanawake wasioshika mimba, wazee wenye maumivu ya viungo. Mwanamume mmoja alimleta mama yake kwa mkokoteni wa ng'ombe. Abbo aliwaambia wote neno lile lile: kula, ni chakula kizuri, lakini dawa yako ya hospitali usiiache. Walimsikiliza kwa adabu, wakakonyezana, wakiamini anaficha siri. Wengine walimwona mchoyo. Jirani yake Amongin alimwambia wazi kwamba watu wanauliza kwa nini anataka kufa na kitu ambacho Mungu amempa bure.

"Kama ningekuwa na kitu," Abbo alimjibu, "Oboth asingekuwa kaburini pale kwenye migomba."

Amongin aliitazama migomba. "Lakini aliishi," akasema.

Abbo aliingia ndani akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo wake wa watu hawafanyi. Acom, mke wa mwanawe Herbert, alikuja kuchungulia kama mama mkwe anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amechoka kubeba matumaini ya watu ambao hata majina yao hakuyajua. Waliyatua mlangoni kwake, wakaondoka mikono mitupu na nyuso nyepesi, na yeye akabaki na mzigo.

Nafuu yake ilikuwa Marvin. Kijana yule alishakuwa mtu mzima sasa, anafanya biashara Busia mpakani, leo upande huu, kesho upande wa Kenya. Alikuwa akija na pikipiki kuchukua uyoga mkavu kwa magunia, akisema ni wa hoteli. Hakumsumbua Abbo kwa maswali. Alimletea sukari, sabuni, mara moja hata blanketi zito. Abbo aliona ni heri uyoga wake uende kwa watu wanaotaka kula tu, wasiotaka kufufuliwa.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inapiga kila alasiri, pikipiki mbili ziliingia uani kwake. Ya kwanza iliendeshwa na Emong, kijana wa pale kituo cha pikipiki anayembeba kila mgeni. Nyuma yake alikaa mwanamke mzee, mnene, amefungwa leso kichwani na mguu mmoja umeviringishwa kitambaa hadi kwenye kifundo. Kwenye pikipiki ya pili alikuwepo mwanamke mwingine wa makamo, aliyeshuka haraka kuja kumsaidia. Walisalimia kwa Kiswahili safi cha upande wa Kenya.

"Tumetoka Busia, mama," alisema yule wa makamo. "Mimi naitwa Nerima. Huyu ni mama yangu, Benedeta. Tumetafuta hapa tangu asubuhi."

Abbo alitoa viti, akatoa maji. Benedeta aliketi akihema, mguu ameunyoosha mbele, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyefika alikokuwa akienda.

"Mzee yuko?" akauliza.

"Mzee gani?"

"Mzee wako. Yule aliyepona. Nimemwambia Nerima, mimi sirudi kabla sijamshika mkono."

Abbo alidhani hakusikia vizuri. Nerima akafungua mkoba, akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko chekundu na kumpa. Kwenye kopo kulikuwa na picha. Alikuwa Oboth, amevaa lile koti la kanisani, amesimama mbele ya ukuta wa matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, anatabasamu kidogo kama mtu aliyelazimishwa. Abbo aliikumbuka siku ile. Marvin ndiye aliyepiga picha hiyo kwa simu yake. Juu ya kichwa cha Oboth paliandikwa kwa herufi kubwa: DAWA YA UYOGA WA MZEE OBOTH. Na chini ya miguu yake: ALIKUWA NA KANSA, LEO NI MZIMA. Hutibu kansa, sukari, presha na vidonda sugu.

Abbo alifungua kopo, akanusa, akachovya kidole akaonja. Uyoga ulikuwemo, kidogo, kwa mbali. Kilichobaki kilikuwa unga wa muhogo.

"Mama unaumwa nini?" alimwuliza Benedeta.

"Sukari. Nilikuwa na vidonge na sindano. Nimeviacha tangu Pasaka." Benedeta alisema hivyo kama mtu anayetangaza ushindi. "Sindano zilinichosha. Huu ndio ninaokunywa, asubuhi na jioni. Mwingine naumwagia kwenye kidonda. Sasa kopo limeisha, na kule dukani wamesema mzigo haujafika, ndipo nikasema twende wenyewe kwa mzee."

Abbo aliinama karibu na ule mguu. Hakuhitaji kufungua kitambaa. Harufu aliijua, alishawahi kuisikia kwa fahali wa jirani aliyekatwa na jembe la plau. Aliinuka polepole, magoti yakilia, akamwangalia Nerima, na machoni mwa Nerima akaona kwamba binti naye alikuwa anajua, alikuwa anajua kwa siku nyingi, ila alikosa mtu wa kumsaidia kusema.

"Njoo, mama," Abbo akamwambia Benedeta. "Mzee iko hapa tu. Haiko mbali."

Wakamshika huku na huku, wakazunguka nyumba. Nyuma, kando ya migomba, palikuwa na kaburi lililosakafiwa kwa saruji, na jina, na tarehe mbili. Majani ya migomba yalikuwa yakidondosha maji juu yake. Benedeta alisoma jina. Akalisoma tena, midomo ikitikisika, kisha akatazama lile kopo mkononi mwa Nerima.

"Huyu ni baba yake?" akauliza.

"Huyu ni yeye."

Kwa mara ya kwanza tangu maziko, Abbo aliisimulia habari ile yote. Hakuisimulia kwa uzuri. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kusalimia, na maneno mengine ilibidi ayatafute. Alisema Oboth alipigwa mionzi Kampala, na jambo hilo hakuna anayelitaja. Alisema supu ilipita kooni ndiyo, na alishukuru kwa kila kikombe kilichopita. Alisema mwaka wa pili supu nayo ilianza kurudi. Alisema mume wake alitafuna kipande cha muwa kwa kutaka utamu tu, akatema, akalia kwa sababu hata mate hayakushuka. Alisema mwishoni Oboth alikuwa mwepesi hivi kwamba yeye peke yake alimbeba kumtoa kitandani na kumweka juani, kama mtoto. Na uyoga ulikuwa umejaa ndani ya nyumba, mbichi na mkavu, wa kila aina.

"Kama uyoga ilikuwa naponya," alisema, "mimi iko na uyoga kuliko mtu yoyote hapa."

Benedeta aliketi kwenye ukingo wa kaburi bila kuomba ruhusa. Furaha ilikuwa imemtoka yote, akaonekana mzee zaidi kuliko alipoingia. Ni Nerima aliyewaka.

"Mnatuuzia kwanza, halafu mnatukataza!" akasema. "Picha ni ya mume wako. Jina ni la mume wako. Mama yangu aliacha sindano kwa sababu ya uso huu. Leo unatuambia ni kaburi?"

Abbo angeweza kusema kwamba hakujua. Ilikuwa kweli. Lakini magunia yalitoka jikoni kwake, na aliyeyachukua alinyonyeshwa pamoja na watoto wake, na hakuona namna ya kumweleza yule mwanamke mambo hayo yakawa na maana.

"Nitukane njiani," alisema. "Sasa tunakwenda hospitali. Mguu hii haina muda."

Benedeta alikataa. Alisema watamkata. Alisema jirani yake alienda na mguu mmoja mbaya akarudi na mguu mmoja tu. Nerima alimbembeleza, akalia, akamkaripia. Mama mtu aling'ang'ania saruji ya lile kaburi kwa mikono miwili. Mvua ikaanza kunyesha. Abbo aliketi kando yake, pale kwenye saruji, wakalowa wote.

"Mimi naogopa pia," alimwambia. "Mimi napanda piki na wewe. Nakaa mpaka wanamaliza."

Benedeta akaiachia saruji mkono mmoja, akauliza, "Mpaka wanamaliza?"

"Mpaka wanamaliza."

Emong aliwabeba wanawake wawili kwa pikipiki moja, Benedeta katikati, Abbo nyuma akimshikilia mguu usigonge, na Nerima akafuata na ile ya pili. Barabara ya kwenda Tororo ilikuwa matope, na mara mbili ilibidi washuke. Hospitalini daktari wa zamu alifungua kitambaa, akafunga mdomo, akaandika haraka. Hakuwagombeza. Pengine alikuwa amechoka kugombeza, Abbo aliwaza. Alikuwa na uso huo.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Abbo alikaa kama alivyoahidi, kwenye benchi la ukumbini, na Nerima akakaa benchi lile lile, upande wa pili. Wauguzi walipotoka kuwaambia kwamba mgonjwa ameamka, Nerima alisema tu, "Asante kwa kuja naye," na akaingia ndani. Hakumwalika.

Kutoka Tororo Abbo hakurudi nyumbani. Alipanda gari hadi Busia, akiwa na nguo zile zile za matope, akavuka mpaka kwa njia ya panya pamoja na wanawake waliobeba nyanya. Kibanda cha Marvin kilikuwa upande wa pili, kati ya muuza viatu vya mitumba na kinyozi. Makopo yalikuwa yamepangwa mbele, safu juu ya safu, na kutoka kila kopo Oboth alikuwa anatabasamu kidogo.

Marvin alimwona, akaangusha kalamu.

"Mama! Umekuja na nani? Nani mgonjwa?"

"Kuna mwanamke amekatwa mguu," Abbo alisema kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. "Aliacha sindano akanywa muhogo wako."

Marvin alimvuta ndani, akamkalisha kwenye kigoda, akashusha pazia. Alijitetea kama watu wanavyojitetea. Kila mtu pale sokoni anauza dawa, alisema. Akiacha yeye, mwingine atachukua. Hakumwambia mtu yeyote aache sindano, hilo halikuandikwa popote kwenye kopo. Na muhogo haumdhuru mtu.

"Umeandika ni mzima."

Marvin akalivuta pazia zaidi.

"Umeandika Oboth ni mzima, Marvin. Mwanamke alikuja kumshika mkono. Nimempeleka kwenye kaburi."

Kijana alitazama sakafu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imepungua. "Wewe una kaburi," alisema. "Unaamka unaliona. Watoto wako wana mashamba. Mimi nilikuwa huku siku aliyofariki, nilifika mmeshamfunika. Nina hii picha tu. Nikiiweka hapa mbele kila asubuhi, ninaona kama amekuja kunifungulia duka."

Abbo alikuwa amekuja na maneno makali, aliyapanga tangu Tororo. Kichwa kilikuwa kinazunguka; hakukumbuka alikula lini. Aliegemeza mgongo kwenye magunia, na magunia yalikuwa yananuka jikoni kwake, uyoga mkavu na moshi. Alitaka kusema jambo moja tu kisha aondoke. Badala yake usingizi ukamchukua pale pale, ameketi, mdomo wazi.

Alipozinduka jua lilikuwa limehama. Alikuwa amefunikwa koti la mvua la Marvin. Nje ya pazia alisikia maji yakikamuliwa. Marvin alikuwa amechuchumaa na ndoo na kitambaa, anabandua karatasi kwenye makopo, moja baada ya moja, na zilizobanduka alikuwa amezilaza juu ya ubao zikauke, sura juu. Mteja alifika, mwanamume wa makamo, akaomba ile ya kansa.

"Imeisha," Marvin alimjibu. "Hii ni ya kuungia supu."

"Lakini ni ile ile?"

Marvin aligeuka, akamwona Abbo amesimama kwenye pazia. "Ni ya kuungia supu, mzee," akarudia. Yule mteja alitabasamu, akamkonyeza, akanunua makopo mawili.

Abbo alimwachia koti lake, akarudi nyumbani.

Mambo hayakubadilika sana baada ya hapo. Marvin hakupewa tena magunia. Picha ya Oboth ilitoweka sokoni kwa muda, kisha Amongin akaleta habari kwamba ameiona Malaba, imechapwa vibaya, kwenye chupa za mtu mwingine kabisa asiyejulikana. Abbo alisikiliza, akaendelea kupepeta mtama. Nerima hakuleta salamu, lakini Emong aliyewahi kupeleka abiria kule alisema mama yake anatembea kwa magongo na anachomwa sindano zake, na kwamba anamtukana kila anayemtajia miti shamba. Wagonjwa waliendelea kuja Nabuyoga, si wengi kama zamani. Sasa Abbo aliwaongoza kwanza nyuma ya nyumba, kabla ya kuwapa viti. Wengine waligeuza pikipiki pale pale kwa hasira.

Mwezi wa kumi Harriet alirudi. Alikuwa ameshasikia habari ya kopo, na ilimwuma. Alimwambia Abbo kwamba alilala vibaya, akijiuliza ni neno gani alilosema jikoni siku ile ambalo lingeweza kusemwa vingine.

"Ulisema vizuri," Abbo alimjibu. "Watu husikia kwa ugonjwa wao."

Walitoka pamoja asubuhi, umande ukiwa bado mzito. Shamba la upande wa mto lilikuwa limekodishwa kwa miwa, trekta limepita, na vichuguu viwili ambavyo Oboth alivikwepa maisha yake yote vilikuwa vimesawazishwa kabisa. Walisimama pale kidogo. Harriet alitaka kusema kitu, Abbo akawa ameshatangulia.

"Siku moja uyoga huu utakuwa dawa?" aliuliza bila kugeuka. "Dawa kweli, ya kwenye boksi?"

"Huenda, mama. Kuna kitu ndani yake, hilo naliona. Lakini kukitoa, kukipima, kujua kiasi gani kinafaa na kiasi gani kinadhuru... pengine nitakuwa nimestaafu."

"Basi mimi sitakuwepo."

"Pengine."

Abbo aliona haikumwumiza. Alikuwa na hamu ya kuketi tu. Kichuguu cha tatu, kile kilicho karibu na shule, kilikuwa kimefunikwa na uyoga mdogo mweupe upande mzima wa magharibi, umetoka usiku ule ule, bado una udongo kwenye vichwa. Walichuchumaa wakachuma, Harriet akitia wake kwenye mifuko ya karatasi na kuandika, Abbo akitia wake kwenye ungo. Wa Harriet ulikuwa unaenda maabara. Wa Abbo ulikuwa unaenda kwa Acom, aliyejifungua mtoto wa kiume wiki ile, na maziwa yalikuwa yanasita kushuka.

Aliupika mwenyewe, kwa karanga, na chumvi ya majivu kidogo ili ulainike. Acom alikula amejifunika blanketi, mtoto amelala kwapani, akamaliza bakuli akaomba nyingine. Abbo alimpakulia. Kisha akatandika mkeka ukutani upande wa pili wa chumba kile kile, akasema wageni wakija waambiwe amelala, na akalala.